Mbwa wa kuwinda au mbwa wa kulinda mifugo? Soma hapa kabla hujachukua mtoto wa mbwa

Wakuu habari zenu.

Hili swali halikauki humu. Mtu ana mbuzi au kondoo wake, wanyama wa porini wanamchukulia mmoja mmoja, anataka mbwa, anaomba ushauri na kila mtu anakuja na la kwake, huyu anamwambia chukua mbwa wa kuwinda maana ana mbio na hana uoga, yule anamwambia achana na hao chukua yale majibwa makubwa yanayolala na kondoo, mwisho wa siku jamaa anachukua yule aliyempendeza kwenye picha. Afu baada ya miezi kadhaa anarudi analalamika mbwa kamuulia mwanambuzi, au mbwa mchana kutwa kalala na usiku kucha anabweka hakuna anayelala.

Mimi nimefuga wote wawili na wote nawapenda kwa hiyo sipigii debe upande wowote. Ila kuna kitu nataka tuelewane. Watu wakichagua wanauliza yupi mkali zaidi, yupi ana nguvu, yupi ana mbio. Ukali wote wanao. Cha kuuliza ni hiki: huyo mbwa akiona mnyama anakimbia, miguu yake inampeleka wapi? Mbwa wa kuwinda inampeleka kwa yule anayekimbia, hata hajafikiria, ndo alivyoumbwa. Mbwa wa kulinda mifugo anabaki na wale waliosimama, akitoka anatoka kidogo tu, anabweka, anaweka mwili wake katikati ya zizi na kile kitu asichokielewa, kikiondoka anarudi kwa kondoo wake. Sasa fikiria una kondoo wadogo wenye siku tatu wanaruka ruka na kukimbizana malishoni, yupi kati ya hao wawili unamwacha nao peke yake ukaenda zako?

Ukimwangalia mbwa mwitu anavyowinda, kuna hatua zinafuatana: anageuza kichwa, anakaza macho, ananyatia, anakimbiza, anauma kushika, anauma kuua, anapasua, anakula. Raymond Coppinger, mwanabiolojia wa Marekani ambaye yeye na mkewe Lorna waliendesha mradi wa mbwa walinzi wa mifugo pale Hampshire College kuanzia miaka ya 1970, ndo alilieleza hili vizuri sana, kwamba binadamu kwa kuchagua mbwa vizazi na vizazi amezikuza baadhi ya hizo hatua na nyingine akazilaza. Pointer amekuzwa hapo kwenye kukaza macho, akinusa ndege anaganda kama kapigwa picha, mguu mmoja juu. Greyhound amekuzwa kwenye kukimbiza, anafika spidi ya karibu km 70 kwa saa. Labrador anashika lakini taya zake zimefundwa zisibane, ndo maana analeta bata mzima bila kumtoboa. Vile vimbwa vidogo kama Jack Russell vyenyewe vina ile ya kuuma na kutikisa, panya hana muda wa kulia. Beagle na Bloodhound ni pua, akipata harufu dunia nyingine yote inazimika, unaita mpaka sauti inakauka.

Mbwa walinzi wa mifugo ni kundi jingine kabisa. Kangal na Akbash wa Uturuki, Great Pyrenees wa milima ya mpakani mwa Ufaransa na Hispania, Maremma wa Italia, Kuvasz na Komondor wa Hungaria, hawa hatua zile za kuwinda zimelala fofofo. Sio kwamba hawawezi kuua, wanaweza sana tu, dume la kilo 60 likiamua hakuna mbweha wa kusimama mbele yake. Ila mwanakondoo akikimbia mbele yake haoni kitoweo. Mzee kama huyo unamkuta kalala na wana wawili wanampanda mgongoni, anafungua jicho moja, analifunga.

Mtu ataniambia mbwa ni malezi, hata wa kuwinda ukimlea na mbuzi tangu mdogo atawazoea. Ni kweli atawazoea na wapo wanaoishi nao vizuri miaka yote. Lakini kuwazoea na kuwalinda ni vitu viwili. Warumi hili walishaliona zamani, Varro aliyeandika kuhusu kilimo karne ya 1 kabla ya Kristo aliwaonya wafugaji wasinunue mbwa wa mifugo kwa wawindaji wala kwa wauza nyama. Wa mchinjaji ni mvivu wa kufuata kundi, na wa mwindaji akiona sungura au swala atamfuata huyo na kuwaacha kondoo. Miaka zaidi ya elfu mbili imepita na mbwa hajabadilika, anaona sungura, kondoo wamebaki peke yao, na mnyama mla kondoo naye anaona.

Kwa hiyo kama una mifugo na shida yako ni kuliwa, chukua mlinzi. Kama huna mifugo na unataka mwenza wa porini, chukua wa kuwinda. Hapo hakuna utata. Ugumu unakuja kwa wale wanaotaka vyote kwa mbwa mmoja, na wale ambao tayari wamepewa mtoto wa mbwa hawajui ni wa upande gani.

Kwa huyo wa pili kuna namna ya kuangalia. Subiri afike miezi mitatu minne hivi, mvalishe mkanda na kamba ndefu, mpeleke kwa kondoo wawili watatu wakubwa waliotulia, wewe kaa kimya usimwite wala usimtume. Angalia mwili wake. Mwenye damu ya kuwinda utamwona anaganda, mdomo unafungwa, masikio mbele, shingo inashuka usawa wa mgongo, macho hayapepesi. Kondoo akigeuka kukimbia kamba inakaza ghafla mkononi mwako. Mwenye damu ya kulinda anaenda pembeni pembeni, mkia chini unatikisika, anakwepesha macho, akifika karibu anajilaza au anamlamba kondoo mdomoni. Kondoo akimpiga kichwa anapiga kelele anarudi nyuma, halafu anajaribu tena taratibu. Yule wa kwanza sio mbwa mbaya wakuu, ni mbwa mzuri sana wa kazi nyingine.

Na muwe makini, mtoto wa mbwa mlinzi naye anacheza. Kati ya miezi sita na mwaka na nusu wengi wanapitia ujana wa ajabu, wanavuta manyoya ya kondoo, wanatafuna masikio ya wanambuzi, wanawakimbiza kwa kutaka mchezo. Mbwa wa namna hiyo mwili umelegea, anarukaruka, anainamisha kifua chini makalio juu, mdomo wazi. Sio uwindaji ila mwanakondoo anaweza kufa vilevile kwa kuchoshwa. Hapo ndo wafugaji wengi wanakata tamaa wanamgawa mbwa au wanamfunga mnyororo, na ndo kosa kubwa kuliko yote maana miezi sita mbele angekuwa mlinzi kamili. Muweke na kondoo wakubwa wasiovumilia ujinga, au kondoo dume mwenye kiburi, wale ni walimu wazuri kuliko wewe. Wakati kondoo wanazaa mtoe, arudi ukiwepo. Mbwa hawa wanakomaa polepole, mwaka na nusu mpaka miwili na wengine wanapitiliza, asiye na subira hiyo asianze.

Sasa malezi. Mlinzi anajengwa kwenye wiki zake za mwanzo, kuanzia wiki ya 3 hivi mpaka kwenye wiki ya 12 hadi ya 16, hapo ndo ubongo wake unaamua jamaa zake ni akina nani. Darwin alipopita kule Uruguay mwaka 1833 aliwakuta wafugaji wanamtoa mtoto wa mbwa kwa mama yake angali mdogo sana, wanamnyonyesha kwa kondoo jike mara tatu nne kwa siku, wanamtengenezea kitanda cha sufu ndani ya zizi, na hawamruhusu kuchangamana na mbwa wengine wala na watoto wa familia. Akikua hawazi kuwaacha kondoo, anawalinda kama mbwa wa kawaida anavyomlinda bwana wake. Mimi ya kumtoa kwa mama mapema siiungi mkono, muache mpaka wiki ya nane maana kuna adabu za mbwa anazojifunza kwa mama na ndugu zake. Ila azaliwe na akulie pale pale mifugo ilipo. Na binadamu asiwe mgeni kwake, lazima akubali kushikwa, kuvalishwa kamba, kuangaliwa meno, kupigwa sindano, la sivyo siku akiumia utashindwa kumsogelea mbwa wako mwenyewe.

Kwamba kinachofanya kazi ni hayo mazoea, angalieni Australia, kisiwa kidogo cha Middle Island pale Warrnambool. Kulikuwa na pengwini wadogo, mbweha wakawa wanavuka maji yakipwa wanawala mpaka mwaka 2005 wakabaki chini ya kumi. 2006 wakapelekwa mbwa wa Maremma kuwalinda na pengwini wakaanza kuongezeka tena. Ndege! Mbwa yule yule wa kondoo. Mpeleke Pointer pale uone.

Mfano mwingine uko Namibia, Cheetah Conservation Fund tangu 1994 wanawapa wafugaji mbwa wa Anatolian Shepherd na Kangal. Shirika la duma linagawa mbwa, ukisikia unashangaa, lakini hesabu yake iko wazi, mfugaji ambaye mbuzi wake hawaliwi hana sababu ya kumpiga duma risasi. Na mbwa wale hawazunguki kuua duma. Sehemu kubwa ya kazi ya mlinzi ni kelele, harufu ya mkojo wake mipakani, na kuonekana. Mla nyama wa porini hapendi kuumia maana akiumia hawindi na asipowinda anakufa njaa, akikuta kuna jitu linabweka na haliondoki anaenda kutafuta pengine. Kwa hiyo ukiona mbwa wako hajawahi kuleta mzoga usidhani hafanyi kazi. Hesabu kondoo.

Ubaya wa walinzi niuseme wazi pia. Wanabweka usiku, na usiku ndo saa za kazi, huwezi kumkataza halafu utegemee ulinzi. Kama majirani mmebanana nao fikiria mara mbili. Wanapanua mipaka, kama huna fensi atajipa mwenyewe eneo kubwa kuliko lako, anafukuza mbwa wa watu na wapita njia. Wanajiamulia, ukimwita anakutazama kwanza aone kama kuna haja. Anayetaka mbwa wa kutii neno moja atateseka nao. Afu mmoja hatoshi kama wanyama wanaokusumbua wanatembea makundi, mmoja anavutwa kule wengine wanaingia huku, wawili ndo mwanzo, anayebaki na anayetoka.

Wa kuwinda naye ana masharti yake. Anataka kukimbia kila siku, sio wikiendi kwa wikiendi, ukimfungia atabomoa banda, atachimba, atalia. Chakula chake siku za kazi ni kingi na kinataka mafuta ya kutosha, tofauti na mlinzi ambaye kwa ukubwa ule wengi huwashangaza wenye nao kwa kula kidogo. Kama ni wa pua unahitaji mkanda wa GPS maana atapotea. Sheria pia, nchi nyingi zinabana uwindaji wa kutumia mbwa, Uingereza kwa mfano ile sheria ya 2004 ilipiga marufuku kuwinda mamalia wa porini kwa mbwa kule England na Wales isipokuwa kwa namna chache zilizoachwa. Jua sheria ya unapoishi kabla hujamfundisha mbwa kitu ambacho hataruhusiwa kukifanya. Ila ukimpa kazi yake halali, hakuna raha kama kumwona. Anavyosoma upepo, anavyokata kona, anavyogeuka kukutazama kama anakuuliza umeona? Mlinzi hakuulizi kitu.

Nimeona maswali yameshaanza hapo chini, najibu hapa hapa ili yakae pamoja.

"Mkuu nikichanganya mbegu, dume la kuwinda na jike la mlinzi, si napata anayekimbia na anayelinda?" Hapana mkuu, naomba usifanye. Silika hazigawanyiki nusu kwa nusu kama rangi. Unaweza kupata mwili wa Kangal wenye hamu ya kukimbiza ya Greyhound, kilo hamsini za mnyama anayetaka kukamata kila kinachokimbia, na utamgundua siku ambayo kondoo wameshtuka. Kwenye uzao mmoja watatoka wa kila namna na huwezi kujua mtoto yupi kachukua nini mpaka wakue.

"Rhodesian Ridgeback je? Nasikia aliwinda simba." Ndio, na kwa sababu hiyo hiyo ni mbwa wa kuwinda. Kazi yake ilikuwa kumfuata simba, kumzunguka, kumzuia kwa kelele na chenga mpaka mwenye bunduki afike. Ni mbwa jasiri na nyumbani analinda vizuri tu, ila kumwacha na mbuzi malishoni peke yake siwezi kukushauri.

"German Shepherd na Border Collie?" Hao ni wa kuchunga, kundi la tatu. Wanasukuma mifugo, na Border Collie hasa anatumia ile ya kukaza macho na kunyatia. Mchungaji anafanya kazi ukiwepo, mlinzi anafanya kazi usipokuwepo. Tukiwachanganya na hao hatumalizi leo.

"Nina mbwa wa kuwinda wawili tayari na sasa nimeanza kufuga, niwatoe?" Usiwatoe. Wajengee banda lao mbali kidogo na zizi, watoke na wewe kwenye kamba au kwa filimbi, na wasiachwe hata dakika moja na mifugo bila mtu. Halafu leta mlinzi mtoto, akulie zizini. Sio kila mlinzi atawakubali akishakomaa, wengine wanaona mbwa yeyote ni adui, kwa hiyo wakutane mapema angali mdogo, na wakutane mkitembea wote nje, sio getini. Jambo moja la kuchunga sana, usimpeleke mlinzi kwenye mawindo hata siku moja kwa kisingizio cha kumpa mazoezi. Akionja raha ya kukimbiza na wenzake umempoteza.

"Mimi sina mifugo, nataka mbwa mkubwa wa nyumbani wa kuogopesha, Kangal anafaa?" Dada yangu, mbwa huyo kaumbwa kukaa nje na kundi usiku kucha na kuamua mwenyewe nani ni hatari. Ukimweka kwenye ua mdogo na wageni wanaingia wanatoka, atabaki anaamua kila siku, na siku moja ataamua vibaya juu ya fundi au rafiki wa mtoto. Tafuta aina nyingine.

"Nimpate mkubwa kabisa aliyekomaa niepuke ujana?" Ukimpata aliyekomaa ambaye umemwona kwa macho yako yuko na mifugo ya aina yako, chukua hata leo. Ila usimfungulie siku ya kwanza, mfungie kwenye kizizi kidogo ndani ya zizi wiki kadhaa, ale na kulala pale, kondoo wako wamzoee na yeye awazoee, la sivyo atarudi alikotoka kwa miguu yake. Na kama umeambiwa tu kwa simu kwamba ni mlinzi, usichukue.

"Magonjwa je, kuna tofauti?" Chanjo wote, kichaa cha mbwa, distempa, parvo, hapo hakuna mjadala, na wa kuwinda ndo yuko hatarini zaidi kwa kichaa maana anagusana na wanyama wa porini. Lakini kwenye nyumba yenye mifugo kitu kinachosahaulika ni tegu. Kuna tegu mdogo sana anaishi tumboni mwa mbwa, mayai yake yanatoka na kinyesi, kondoo anakula na majani, anapata mavimbe ya maji kwenye ini na mapafu, na binadamu akiyameza mayai hayo anapata mavimbe hayo hayo. Mwingine anakwenda kwenye ubongo wa kondoo, unamwona anazunguka duara sehemu moja mpaka anaanguka. Mbwa anawapata kwa kula maini, mapafu au vichwa vibichi. Kwa hiyo ukichinja, au ukirudi porini na mnyama, usimtupie mbwa matumbo mabichi hata akikutazama vipi, fukia chini sana au chemsha mpaka yaive kabisa. Na dokta wa mifugo akupangie dawa ya minyoo yenye praziquantel kwa ratiba, maana sio kila dawa ya minyoo inagusa tegu.

Wengine mtakaouliza naomba mweke umri wa mbwa, mifugo mliyonayo na mingapi, mna fensi au hamna, na mnyama anayewasumbua anakuja saa ngapi. Bila hayo nitakuwa nabahatisha tu, na mbwa sio kitu cha kubahatisha mkuu, ni miaka kumi na zaidi utakuwa naye. Video fupi ya mbwa akiwa na kondoo inasaidia zaidi kuliko picha kumi za uso wake, rekodi kwa pembeni ili mwili wote uonekane kuanzia masikio mpaka mkia, na usimwite wakati unarekodi.